Maswali ya Wasomaji: Sakitu imeunguza viazi vyangu, na kuomba siwezi tena

SWALI

Shikamoo Mama Mwinjilisti. Mimi ni mjane wa watoto watatu, naishi Makete. Mume wangu alifariki mwaka jana. Mwaka huu nilikopa kwenye kikoba nikalima viazi katika kinyungu, shamba dogo la bondeni alichoniachia. Sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, ikashuka usiku mmoja tu, asubuhi nikakuta majani yote meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Kuna mhubiri aliniambia nikitoa sadaka ya mbegu nitauona mkono wa Mungu kabla mwezi haujaisha. Nikatoa. Mwezi ukaisha, akautaja mwingine, nikatoa tena. Sasa nikipiga magoti sina la kusema. Nawaza kuuza kinyungu nihamie Mbeya mjini. Je, nimepoteza imani? Tumaini la Mkristo ni lipi hasa?

Mama wa Watatu, Makete

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa jasho lako lililoungulia bondeni.

Kwanza, usimpe tena mhubiri huyo hata shilingi. Nasema hivi kwa uchungu, maana nimekaa na wajane wengi huku Rungwe nikasikia habari hiyo hiyo. Bwana Yesu aliwakemea watu wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Soma Marko 12:40.

Sasa fungua Yeremia. Wengi tunaupenda ule mstari wa 29:11, wa mawazo ya amani, tunaubandika sebuleni. Lakini rudi sura moja nyuma. Utamkuta nabii Hanania akiwaambia watu kwamba katika miaka miwili Mungu atavirudisha vyombo vya hekalu na mateka wote kutoka Babeli. Ni ujumbe mtamu, tena una tarehe. Yeremia mwenyewe aliitikia Amina, akatamani iwe hivyo. Ila haikuwa kweli. Barua aliyowaandikia mateka ilisema miaka 70: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, ozesheni watoto wenu. Ule mstari wa 11 umo ndani ya barua hiyo. Uliandikiwa watu ambao wengi wao wangezikwa Babeli.

Ndiyo maana nakuambia kwamba kilichokufa moyoni mwako ni tarehe za yule mhubiri. Imani yako ipo. Asiye na imani hahangaiki kuandika barua kuuliza tumaini liko wapi.

Endelea mpaka sura ya 32, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia amefungwa katika ukumbi wa walinzi. Binamu yake Hanameli anamjia na shamba la kuuza, lile la Anathothi. Nani ananunua shamba wakati adui yuko langoni? Yeremia akanunua. Akapima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, akatia sahihi, kisha akamwagiza Baruku aziweke hati katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Na hakuwa anajidanganya, alijua mji unaanguka. Alijua pia kwamba Mungu amesema mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Yote mawili aliyashika kwa pamoja, na hilo ndilo tumaini ninalolijua mimi.

Kuhusu kuomba: ukikosa maneno, soma Zaburi ya 88 kwa sauti. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina shangwe yoyote mwishoni, na bado imo katika Biblia kama sala. Ukishindwa hata kuisoma, Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Waite kina mama wa jumuiya yako waje kuimba na kusali nyumbani kwako. Wewe kaa tu, wao waombe.

Sisi Wamoravian tuna desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka. Ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Huku kwetu mwezi wa nne mvua ni za kila siku, na ukungu unaweza kushuka hata msalaba wa pili usiuone. Nilimwona mama mmoja akiufuta msalaba wa mwanawe kwa pindo la kanga, taratibu, herufi moja moja, huku machozi yanamtiririka na kinywani anaimba Kristo amefufuka. Hakuna aliyemwambia anyamaze kulia kwanza ndipo aimbe. Mlilie mume wako hivyo hivyo.

Upande wa deni, usijifiche. Nenda kwa mwenyekiti wa kikoba kabla hajakutafuta, umweleze ulivyounguliwa, na uombe uongezewe muda wa marejesho. Ulizia na mfuko wa jamii. Vikundi vingi huwa nao kwa ajili ya majanga kama lako.

Kuuza kinyungu sikukatazi. Mbeya watu wanaishi, na Mungu yuko huko pia. Lakini usiuze mwezi huu ukiwa na moyo huo, maana anayeuza kwa kukata tamaa hupewa bei ya kukata tamaa. Tena kama mirathi haijafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ifungue kwanza, la sivyo wewe na wanao mtaingia kwenye kesi. Na wakati unasubiri, sehemu ndogo ya kile kinyungu itie hata mboga za kula na watoto.

Ukishaonana na mwenyekiti, niandikie alivyokujibu. Kama amekataa, nitakuelekeza pa kuanzia.