Kwenye nyutro injini inapanda vizuri, ikibeba boti haivuki 2,300: nishushe pampu?

Swali: Habari ya kazi, fundi. Nina boti ya mita 9 yenye injini ya ndani, dizeli, silinda 4, haina turbo. Siku zote nikifungua resi yote ilifika mizunguko 3,000 kwa dakika, kama kibao cha injini kinavyosema. Kisha boti ikakaa majini miezi 2 bila kutembea. Sasa inawaka mara moja na kwenye nyutro inapanda bila shida, lakini nikiingiza gia na kufungua resi yote inaishia 2,300. Inatoa moshi mweusi na joto linapanda kidogo. Nimebadilisha filta zote mbili za dizeli, hakuna tofauti. Fundi wangu anasema pampu ya dizeli na nozeli zinazoinyunyiza ndani ya silinda zimechoka, zishushwe zikapimwe. Nikubali?

Jibu: Usikubali bado, ndugu yangu. Kabla ya kufungua boliti hata moja ya pampu, kuna mtu anatakiwa kuingia majini akaitazame rafadha (propela).

Sababu iko kwenye maelezo yako mwenyewe. Moshi mweusi ni dizeli iliyofika ndani ya silinda ikakosa hewa ya kutosha kuungua yote. Maana yake mafuta yanafika, tena yanazidi. Injini yenye njaa ya mafuta haifanyi hivyo: inapoteza nguvu huku ekzosi ikiwa safi au karibu safi, na mara nyingi inapanda na kushuka yenyewe kama inayohema. Ndiyo maana filta mpya hazikuleta tofauti.

Fundi wako hakubahatisha tu, kwa sababu nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza nayo hutoa moshi mweusi. Lakini nozeli huchakaa kwa saa za kazi, na yako haikufanya kazi yoyote kwa miezi 2. Kitu kilichokuwa kikiendelea boti imelala ni magamba ya bahari kuota kwenye rafadha na kwenye mwili wa boti.

Watu wengi hudharau magamba kwa kuwa ni madogo. Nguvu ambayo rafadha inadai haiongezeki sawasawa na mizunguko, inaongezeka kwa kipeo cha tatu: mizunguko ikiwa mara 2, nguvu inayodaiwa ni mara 8. Kwa hesabu hiyo, rafadha yako ikiwa safi, kwenye 2,300 inadai chini ya nusu ya nguvu inayoidai kwenye 3,000. Sasa hivi, kwenye hiyo hiyo 2,300, injini yako imeshatoa kila ilichonacho. Hiyo ni tofauti kubwa mno. Ama injini imepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ikiwa imelala, ama kuna kitu kinazila. Gavana wa pampu, yaani kifaa kinachopima dizeli ya kupeleka kulingana na resi, haoni rafadha. Anachojua ni kwamba umeomba mizunguko zaidi nayo haiji, basi anaongeza dizeli mpaka mwisho wa uwezo wake, na hewa ya kuiunguza haipo. Huo ndio moshi unaouona.

Niliwahi kushusha pampu ya boti yenye dalili kama hizi. Pampu ikapimwa, ikaonekana nzima, nikairudisha, na boti ikabaki vilevile. Mwenye boti alipoteza siku kadhaa za kazi kwa uamuzi wangu. Rafadha ilikuwa imeota magamba hadi kwenye kingo, na kipande cha nyavu kimejisokota kati yake na beringi ya shafti. Tangu hapo huanza chini ya maji.

Kabla mtu hajazama, zima injini na uchomoe ufunguo ukae nao mfukoni. Atazame mabawa ya rafadha pande zote mbili. Hata tabaka jembamba linalokwaruza linatosha kuharibu mwendo, achilia mbali ubawa uliopinda. Apapase nyuma ya rafadha kama kuna kamba au uzi wa mshipi. Akiwa huko huko, akwangue tundu la kuingizia maji ya kupozea injini. Magamba yale yale huliziba, na pengine joto lako linatoka hapo, ingawa injini iliyoelemewa hupanda joto hata maji yakipita vizuri. Kisha weka nyutro uzungushe shafti kwa mkono. Ikiwa nzito, legeza kidogo pakingi, ile inayozuia maji pale shafti inapotoka nje ya boti. Pakingi ya kawaida hutakiwa kudondosha matone machache shafti inapozunguka. Isiyodondosha kabisa, tena ikawa ya moto ukiigusa, imekazwa kupita kiasi.

Safisha, toka nayo, upime tena. Nadhani utaishia hapo.

Rafadha ikiwa safi na mizunguko bado haifiki, swali linalofuata ni hewa: inaingiaje, na moshi unatokaje. Kuingia ni rahisi kupima. Endesha kwa resi yote, kisha mwenzako afungue kifuniko cha chumba cha injini, akae mbali na mikanda. Mizunguko ikipanda papo hapo, chumba kinabanwa pumzi: matundu ya hewa yamezibwa na mizigo, au ni madogo. Tazama na filta ya hewa.

Njia ya kutokea ndiyo ninayoitilia shaka zaidi baada ya rafadha, na mafundi wengi huiruka. Kwenye injini za aina hii maji ya bahari huchanganyika na moshi kwenye elbo (kiwiko) ya ekzosi. Humo masizi na chumvi hugandamana mpaka tundu likabaki la kupitisha kidole tu, hasa kwa boti zinazounguruma saa nyingi kwa mwendo mdogo. Ifungue uchungulie, kuipima kwa nje hakuna faida. Angalia pia bomba la mpira linaloifuata. Huwa zima kwa nje, kumbe tabaka la ndani limebanduka na kuziba njia kila moshi unapoongezeka. Na ukifika mahali pa kupiga stata mara nyingi bila injini kuwaka, funga koki ya maji ya bahari kwanza, la sivyo maji yatajaa kwenye ekzosi yarudi hadi kwenye silinda. Ikishawaka tu, ifungue.

Kupanda vizuri kwenye nyutro kusikupe moyo sana. Bila mzigo injini inahitaji dizeli kidogo mno, hata iliyochoka inaweza kupanda. Kinachokuambia ni kwamba kebo ya resi haijakatika, basi. Injini ikiwa imezimwa, mtu asukume resi hadi mwisho nawe uone kama mkono wa pampu unagusa skrubu ya kikomo. Na geji ya mizunguko inayosoma kutoka kwenye altaneta hudanganya mkanda ukilegea, kwa hiyo ihakikishe kwa kipimo cha mkononi.

Kwa wasomaji ambao boti zao hazitoi moshi ila zinaishiwa nguvu: nyie ndio wa njia ya mafuta. Chukua galoni la dizeli safi, ulifunge imara, uunganishe mpira wake moja kwa moja kwenye pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka kwenye tangi, na mpira wa kurudisha mafuta uelekee humo humo. Injini ikipona, ubaya uko kati ya tangi na pampu: tope, tundu la hewa la tangi lililoziba, au mpira unaonyonya hewa. Na ikiwa mizunguko inapanda bila boti kwenda, hiyo ni gia inayoteleza.

Nikurudie wewe. Usiendelee kuiendesha kwa resi yote ikitoa moshi mweusi. Joto la ekzosi linakula valvu na pistoni. Rudisha resi hadi moshi ukatike, kisha punguza tena kidogo, uende hivyo mpaka utakapoisafisha.

Ikitokea rafadha, hewa na ekzosi vyote ni vizima, mwambie fundi apime nafasi za valvu na mgandamizo wa silinda. Baada ya hapo ashushe nozeli peke yake, kwani kuzipima ni kazi fupi. Zinapojaribiwa, mikono na uso vikae mbali na mnyunyizo, maana dizeli yenye shinikizo lile hupenya ngozi na aliyepenywa anahitaji hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano. Pampu iwe ya mwisho kabisa, na kabla haijatoka apige alama kati yake na bodi ya injini. Ikirudi nje ya taiming, yaani wakati wake wa kunyunyiza dizeli, utakuwa na injini mbovu kweli.