Naposti picha za wateja wangu, sasa mmoja amekasirika

SWALI: Habari Mshauri. Mimi ni fundi wa vitenge hapa Kisumu, kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye. Sijawahi kulipia tangazo, nilikuwa naposti tu nguo zikiwa kwa hanga na watu wanapita. Disemba kastoma mmoja akajiposti Facebook na gauni nilimshonea ya nyombo, ile sherehe ya mahari, akanitaja jina, na hiyo wiki nikapata oda sita. Basi nikaanza kuchukua picha za wateja kwa akaunti zao naweka kwa yangu. Juzi mmoja amenipigia simu amekasirika sana, ati nimemuanika. Mtoto wa dada yangu ananiambia niachane na hao wateja, atanifungulia akaunti kadhaa za uongo za kunisifu. Nifanye nini?
Mama Fundi, Kisumu

JIBU: Mama Fundi, futa hiyo picha leo kabla hujamaliza kusoma, kisha umpigie umwombe msamaha. Yeye alijiposti kwa ajili ya watu wake, lakini ikifika kwako na namba yako ya simu iko hapo chini imeshakuwa tangazo la biashara, na hilo hakukubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukubali wake, tena hata akikubali leo anaweza kubadilisha mawazo kesho na wewe unatoa bila maswali. Watu hudhani haya ni ya makampuni makubwa tu, lakini 2023 klabu moja Nairobi ilipigwa faini ya Sh1,850,000 na Kamishna wa Data juu ya kuposti picha ya mteja bila ruhusa, na shule moja ikapigwa Sh4,550,000 kwa picha za watoto. Kwa hivyo ukishonea mtoto, ruhusa unaomba mzazi.

Lakini tafadhali usiogope ukarudi kwa hanga! Zile oda sita zilikuja juu mtu aliona kitenge kimekaa kwa mwili kama wake, mama mwenye hipsi, mama aliyetoka kujifungua, na akasoma ni mteja anasema, si wewe. Hiyo huwezi kununua. Kitu umekosa ni kuuliza tu. Mteja akija kupima, akijigeuza kwa kioo akicheka, hapo ndio unamwambia, "Dada, naweza kukuchukua video kidogo niweke kwa stetasi na TikTok? Kama hutaki uso uonekane nitachukua kuanzia shingo." Wengi watakubali, na akikubali mwambie akuandikie kwa WhatsApp ili ibaki hapo. Picha ya harusi iliyopigwa na mpiga picha wa kulipwa, uliza na yeye pia, kazi ni yake, na ukiposti umtaje jina. Kama mteja ameposti mwenyewe na iko wazi kwa wote, badala ya kudaunlodi, mwombe kisha ubonyeze kushea, akifuta yake na kwako inatoka.

Kuna kitu kingine nakipenda sana. Coca-Cola mwaka 2011 kule Australia waliandika majina 150 ya watu kwa chupa, na watu wakaanza kujipiga picha na chupa zenye majina yao wenyewe bila kusukumwa. Wewe una sindano na uzi, shona kitambaa kidogo ndani ya kola chenye jina la mteja na chini yake jina la kibanda chako, uone kama hatakipiga picha mwenyewe akutag.

Hizo akaunti za uongo hapana kabisa, mama. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 imekataza kudanganya mnunuzi, na pia Kisumu watu wanajuana, mtu atauliza huyu anayekusifu anakaa Kondele ama Nyalenda na hamtakuwa na jibu. Hata kumpa mtu diskaunti ndio akuwekee nyota tano kwa Google Maps, Google wenyewe wamekataza. Huyo kijana anajua simu, mpe kazi ya maana, achukue hizo video na ajibu komenti haraka, hata ya yule anayelalamika zipu.

Na yule aliyekasirika, usimwombe picha tena hata akikusamehe. Akirudi na kitambaa mshonee tu vizuri.