Inconel kwa panchi ya bati? Nilishajaribu, nikala hasara

Mkuu, umeuliza kama kipande cha Inconel 718, aloi ya nikeli, ulichonunua kwenye skrepa hapo Moshi kinafaa kuchonga panchi ya kutoboa bati, kwa vile umeambiwa ni chuma cha injini za ndege na hakuna kigumu zaidi yake. Mimi nakereza vyuma Unga Limited, Arusha, na huko unakotaka kwenda nimeshatoka.

Maumivu yalianzia kwenye mashine. Kucha ya hai-spidi, yaani kisu cha kukatia cha mashine, ilikula milimita chache, ikaanza kupiga kelele, ikawa butu. Nikainoa, nikarudi palepale, safari hii haikuingia kabisa. Aloi za nikeli ndivyo zilivyo: ukizisugua bila kuzikata, ngozi yake inazidi kukomaa. Tena hazipitishi joto upesi, kwa hiyo moto wote unabaki kwenye ncha ya kucha. Bila kucha ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko hai-spidi, mwendo mdogo na maji ya kupoozea yasiyokatika, usianze.

Panchi ikapatikana hivyo hivyo. Nikaichoma hadi ikawa nyekundu, nikaitumbukiza kwenye oili kama nilivyofundishwa na marehemu bosi wangu. Kumbe nilikuwa naiharibu zaidi. Chuma cha zana kinakuwa kigumu kwa sababu ya kaboni inayonaswa ndani kikipozwa ghafla. 718 kaboni yake haifiki hata asilimia 0.1, ugumu wake unatokana na niobiamu, na unaupata kwa kuipika taratibu: saa nane kwenye nyuzi 720, kisha saa nane nyingine kwenye 620. Hata ukifanya yote hayo inaishia kwenye arobaini na kidogo za Rockwell C, kipimo cha ugumu, wakati O1, chuma cha zana cha kupozwa kwa oili, inafika 60 bila shida. Panchi yangu ilitoboa bati siku moja tu, mdomo ukachanua kama uyoga. Vijana wa karakana wananitania mpaka leo.

Wewe tafuta O1. Ipashe hadi nyuzi 800 hivi, ichovye kwenye oili, kisha usichelewe: irudishe kwenye joto la 200 kwa saa mbili, oveni ya mikate inatosha. Ukiiacha bila kuirudisha itapasuka kama glasi. D2, chuma kingine cha zana, inavumilia msuguano zaidi, ina kromiamu asilimia 12 hivi, lakini inataka zaidi ya nyuzi 1000, na jiko la mkaa huwezi kulipima kwa macho.

Ila kipande chako usikidharau. Kuna mteja anakaanga kahawa, niliwahi kumchongea bolti za karibu na bana (kichomea moto) kwa chuma cha zana kilichobaki. Zikatoa magamba, zikalegea, akazirudisha kwa hasira. Nikamtengenezea za aloi ya nikeli, na hizo hajazirudisha. Kwenye nyuzi 600 O1 imeshalainika zamani, 718 bado ina sehemu kubwa ya nguvu zake.

Halafu, una uhakika ni 718? Weka sumaku. Ikinasa, umeuziwa kitu kingine. Isiponasa inaweza kuwa stenlesi ya kawaida, kwa hiyo kiguse na grinda: stenlesi inatoa cheche ndefu, ya nikeli ni fupi, chache, nyekundu hafifu. Tupia picha ya cheche hapa, na utaje kipenyo.