Shati la Jumamosi katika joto la kaskazi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Makorora, Tanga, na nina duka dogo la vifaa vya umeme. Jumamosi ya wiki ijayo nimepanga kukutana na dada mmoja muuguzi, saa 10:30 jioni, kule Raskazone, tukae karibu na bahari, tule na tuzungumze. Ni mara yetu ya kwanza kutoka wawili tu. Rafiki yangu anasema nivae suti, na yuko tayari kuniazima ya kwake pamoja na saa yake ya dhahabu. Binamu yangu ananicheka, eti suti ni ya harusini, nivae jinzi iliyochanwa magotini na raba nyeupe. Tatizo langu ni jasho, Shangazi. Nikitoka nyumbani hadi dukani tu, mgongo umelowa. Tena nina kitambi kidogo. Nguo za kutokea nilizonazo ni shati jeupe lililogeuka njano makwapani, shati la kijivu la mikono mirefu, kadeti ya kahawia na mokasini nyeusi. Za nguo nimetenga shilingi 60,000. Nisaidie nisije nikaumbuka.*
*Mlowa Mgongo, Makorora*

Marahaba, mwanangu. Washauri wako wote wawili wamesahau jambo moja: huendi kusimama, unaenda kukaa. Katika hizo saa mbili tatu, atakuona umesimama wakati wa kusalimiana na wakati wa kuagana, basi. Muda wote uliobaki atatazama kola, kifua, mikono yako mezani, na vifungo vya tumboni vinavyovutana. Kwa hiyo nguo yoyote utakayoichagua, ijaribu ukiwa umekaa. Weka stuli mbele ya kioo, kaa, jinyooshe kama unayefuata bilauri upande wa pili wa meza, kisha jitazame bila huruma.

Suti mrudishie mwenyewe. Huu ni mwezi wa pili, kaskazi imetawala, na saa 10 jioni Tanga bado ina joto la kutosha kuyeyusha pipi mfukoni. Mwili hupoa jasho linapokauka, na hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo jasho lako halikauki, linatiririka. Sasa juu yake uongeze koti lenye bitana ya poliesta na tai shingoni! Halafu koti la kuazima limekatwa kwa mabega ya mwenzio, na mabega ndiyo mahali ambapo fundi hawezi kukusaidia kirahisi. Jinzi nayo ni nzito, hubana joto mapajani, na ukikaa sana hukata tumbo. Ya kuchanwa magotini ivae na binamu yako mkienda mpirani. Kanzu hukuiuliza, lakini najua kuna atakayekushauri: kanzu nyeupe, koti na kofia ya mkono Jumamosi jioni, watu wa meza ya pili wataanza kuulizana posa ni ya nani.

Shati la kijivu nalo liache kabatini. Kijivu ndiyo rangi inayosema yote: tone moja la maji hugeuka doa jeusi linaloonekana toka ng'ambo ya barabara. Bluu ya mawinguni ina tabia hiyohiyo. Kinachoficha jasho ni nyeupe, au bluu iliyokolea kabisa, au kitambaa chenye michoro midogo iliyosongamana.

Kwa hiyo 60,000 yako tununulie shati moja jeupe, na lishonwe. Nasema lishonwe kwa sababu ya hicho kitambi. Shati la dukani linalokukaa vizuri begani litakubana tumboni, na linalokutosha tumboni litakuangukia mabegani kama la kurithi. Fundi anaweza kupunguza ubavu na kufupisha mikono, ila kuongeza kitambaa kisichokuwepo hawezi. Kitambaa chenye upana wa inchi 60, mita 2 zinatosha shati la mikono mirefu. Cha inchi 45, nunua mita 2 na nusu. Iwe pamba nyepesi au kitani. Muuzaji akikuapia kwamba ni pamba tupu, omba uzi mmoja wa ukingoni ukauchome nje kwa kiberiti. Pamba huwaka kwa haraka, hunuka kama karatasi, na jivu lake ukilisugua hupotea kama unga. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa hubaki punje ngumu nyeusi. Ukipata vyote viwili, jivu na punje, basi ni mchanganyiko, na kwa mtu wa jasho lako mchanganyiko haufai: poliesta hainywi maji, jasho hubaki kati ya ngozi na shati, na harufu huja mapema.

Kabla hujakipeleka kwa fundi, kiloweke kitambaa kwenye maji usiku mmoja, kianike, kipige pasi. Pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Ukishona kabla haijarudi, shati litarudi likiwa mwilini mwako, na kinachoanza kubana ni kola na urefu wa mikono.

Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, hukosi fundi. Mwambie haya, na usione aibu kusimamia. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia, usiteremke mkononi. Kola ikifungwa, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Tumboni apime ukiwa umekaa. Atakushangaa, mwache ashangae. Ukiwa umekaa uweze kushika kwa vidole kitambaa cha kama sentimita 5 kila ubavu. Chini ya hapo vifungo vitafumbua macho na fulana ichungulie. Ukizidisha sana litapepea kama tanga. Mwombe kifungo kimoja zaidi usawa wa kitovu, kwani mashati ya wenye vitambi hufunguka hapohapo kila siku. Ukilivaa nje ya suruali, pindo liwe limenyooka na liishie katikati ya zipu. Likivuka hapo linafupisha miguu. Kama kwa bahati mbaya amekata pindo la mviringo lenye mkia, chomekea. Mikono mirefu, ukunje mara mbili hadi chini kidogo ya kiwiko: unapata upepo, na bado umeonekana umejitayarisha.

Siku ya kulichukua mwambie Jumatano. Safari yako ni Jumamosi, lakini hilo halimhusu.

Kadeti ya kahawia inafaa. Kahawia na mokasini nyeusi si ndoa ya kuandikiwa mashairi, ila haitavunjika ukivaa mkanda mweusi. Usiingize mkanda wa rangi ya tatu. Tazama pindo ukiwa umesimama, liguse juu ya kiatu na kufanya mkunjo mmoja mdogo. Ukikaa litapanda, na hapo ndipo soksi huonekana. Vaa soksi fupi za kufichika, au za rangi ya suruali. Nyeupe hapana. Usivae bila soksi kabisa kama miguu yako nayo inatoka jasho, maana mkivuliwa viatu kwenye mkeka au mchangani, ndiyo habari ya jioni. Mokasini uzipake dawa ya viatu Ijumaa usiku, uziache zinywe, uzisugue asubuhi. Kisigino kikiwa kimelika upande mmoja, fundi viatu akipachike kabla. Mwanamke anayeshinda amesimama wodini huwa anajua viatu, usimdharau.

Raba nyeupe si dhambi, mradi ziwe safi hadi kwenye kamba. Zako sijui zikoje, na wewe hukuzitaja, kwa hiyo nadhani jibu tunalo.

Tuje kwenye jasho lenyewe. Ile njano ya makwapa si jasho peke yake. Ni chumvi za aluminiamu zilizomo kwenye dawa ya kuzuia jasho zikichanganyika na jasho na kukaa kwenye uzi. Ndiyo maana jiki haikusaidii: huipandisha njano badala ya kuitoa. Lile shati la zamani lipake uji mzito wa soda ya kuokea na maji kidogo kwapani, uache saa moja, usugue kwa mswaki mkuukuu, ufue kwa sabuni. Lisipotoka, lifanye la dukani. Hilo jipya lilinde hivi: dawa ya kuzuia jasho ipake Ijumaa usiku baada ya kuoga, kwapa likiwa limekauka kabisa, ukalale. Usiku tezi zinatoa jasho kidogo, dawa inapata nafasi ya kuziba vinyweleo. Ukiipaka Jumamosi saa 10 juu ya ngozi iliyokwisha kulowa, inasombwa na kuishia kwenye shati. Usichanganye na ile ya manukato tu, ambayo inaondoa harufu lakini haizuii maji. Shabu inafanya kazi kama hiyo ya pili: lowesha jiwe, pitisha kwapani, harufu inakaa mbali, maji yanaendelea kutoka. Ndimu usithubutu. Maji ya ndimu kwenye ngozi yakikutana na jua huleta malengelenge na mabaka meusi ya wiki kadhaa, hata miezi, na kama umenyoa siku hiyohiyo utaruka kama samaki.

Ndani vaa fulana ya pamba nyembamba ya kola ya V, ili isionekane shingoni. Na isiwe nyeupe. Nyeupe chini ya shati jeupe hujichora mipaka yake yote. Ya kahawia inayokaribiana na rangi yako haionekani. Fulana ndiyo inayokunywa jasho la mgongo kabla halijafika kwenye shati. Beba leso mbili: ya uso, na ya akiba. Jifute kwa kugandamiza, usisugue.

Harufu. Kwenu kama kuna chetezo, shati lifukize Ijumaa usiku baada ya kulipiga pasi. Weka makaa mawili yaliyokwisha kufanya jivu juu, kipande cha udi kama ukucha wa kidole gumba, shati ulitandaze juu ya kiti urefu wa mkono kutoka kwenye moto, ndani kukiwa kumeelekea moshi, dakika 10. Makaa yenye ndimi yatakuachia tundu. Litundike hewani usiku kucha ule ukali wa moshi upungue, ibaki ile harufu ya chini inayosikika mtu akikaribia tu. Ukishafukiza, manukato ya chupa acha, au ukiyataka sana puliza mara moja kifuani kabla ya kuvaa. Usipofukiza, puliza mara mbili, shingo na kifua, basi. Baada ya dakika chache pua yako itazoea na utadhani yamekwisha. Hayajakwisha, yeye anayasikia, na joto la mwili linayapandisha. Vijana wengi huharibu hapo, wanaongeza mlangoni.

Pasi piga pamba ikiwa na unyevu kidogo: kola kwanza, toka ncha kwenda katikati ili mikunjo isikimbilie ncha, halafu mabega, mikono, kifua, mgongo. Litundike lipoe kabla ya kulivaa, maana shati la moto hukunjika upya. Na usingoje Jumamosi saa 9; umeme ukikatika utaanza kuhangaika na pasi ya mkaa, na hiyo hudondosha majivu hasa kwenye vyeupe.

Safari ndiyo inayoharibu kazi yote hii. Toka Makorora hadi Raskazone chukua bajaji. Bodaboda itakuletea vumbi kwenye shati jeupe na kofia ya abiria iliyovaliwa na vichwa ishirini siku hiyo. Baiskeli ndiyo usafiri wa mji wetu na hakuna aibu, lakini kwa jasho lako si leo. Ukilazimika, kunja mguu wa kulia wa suruali, mnyororo uko upande huo na grisi haitoki kwa sabuni. Fika robo saa kabla, tafuta kiti chenye kivuli upande unaopata upepo wa baharini, kunywa maji ya baridi, uache mwili ushuke. Yeye akifika akukute mkavu. Kifungo cha juu fungua kimoja, si vitatu. Ndevu na kucha vishughulikie Alhamisi, kinyozi akikukata uwe na siku mbili za kutulia.

Mifukoni beba ufunguo mmoja, simu moja, fedha na leso. Lile fungu la funguo za duka na pochi nene iliyojaa risiti hutuna pajani ukikaa, na kila ukijigeuza zinalia.

Saa ya rafiki yako ataulizwa huyohuyo rafiki yako siku mkikutana wote watatu. Mrudishie pamoja na suti.