Kuhakiki Anime: Kila Utanzu na Mizani Yake

Vijana wanaotaka kuanza kuandika uhakiki wa anime, yaani tamthilia za michoro kutoka Japani, hupenda kuuliza kwanza habari ya alama: tamthilia fulani ipewe saba au tisa kati ya kumi? Mimi huwajibu kwamba alama huja mwisho, na kwamba kabla ya kuifikia mhakiki anapaswa kujua tamthilia aliyoitazama ilikusudia kumfanyia nini mtazamaji wake. Anayemaliza Death Note jioni na kuanza Mushishi usiku uo huo kwa matarajio yale yale ataandika kwamba Mushishi inachosha, na hapo atakuwa ameeleza papara yake mwenyewe badala ya kuieleza kazi aliyoitazama.

Tuziangalie hizo mbili kwa karibu. Death Note, iliyotengenezwa na studio ya Madhouse na kurushwa kati ya 2006 na 2007 katika sehemu 37, ni tamthilia ya taharuki. Mwanafunzi aitwaye Light anaokota daftari ambalo yeyote anayeandikwa jina lake humo hufa, na sababu ya kifo isipotajwa, moyo wake husimama baada ya sekunde 40. Utanzu wa aina hii una deni moja kubwa kwa mtazamaji: masharti yatangazwe mapema na yasivunjwe ili kumwokoa mwandishi aliyekwama. Mhakiki basi akae na kalamu, ayaandike masharti hayo jinsi yanavyotajwa, kisha aangalie kama yanaheshimiwa. Kuna tukio maarufu ambapo Light, huku akichunguzwa kwa kamera zilizofichwa chumbani mwake, anafanya hesabu kwa mkono mmoja na kutia mkono wa pili ndani ya pakiti ya krispi za viazi, alimoficha televisheni ndogo na kipande cha daftari. Mwongozaji Tetsurō Araki ameupamba mwendo wa kuinua krispi moja kwa muziki mzito kana kwamba ni upanga unaochomolewa. Ukilitoa peke yake tukio hilo linachekesha. Ukiliacha mahali pake linakaza moyo, kwa sababu tayari unajua kinachoandikwa ndani ya ile pakiti. Ninaamini pia kwamba baada ya sehemu ya 25 taharuki hiyo hupungua sana, na tazama kwamba nimeweza kulisema hilo bila kumharibia uhondo yule ambaye hajafika huko.

Mushishi, ya studio ya Artland iliyoongozwa na Hiroshi Nagahama na kuanza kurushwa 2005, haina adui wala shindano. Msafiri aitwaye Ginko hupita milimani na vijijini akiwashughulikia watu waliopatwa na mushi, viumbe visivyo na wema wala ubaya, ambavyo vinaishi tu kama uyoga unavyoishi kwenye gogo. Kila sehemu kati ya zile 26 inajitegemea. Wakati mwingine Ginko anaponya, wakati mwingine anachelewa, na mara nyingine mgonjwa mwenyewe hataki kuachana na kinachomdhuru. Hapa mizani ni nyingine kabisa: je, ule ukimya umebeba kitu? Sauti ya mvua, mwanga wa machweo na nyumba iliyotengwa na theluji vimetumika kuieleza hali ya mtu, au vimewekwa kuwa pambo? Ushauri wangu kwa tamthilia ya namna hii ni kutazama sehemu moja kisha kupumzika, kwani ukizitazama sita mfululizo zitaanza kufanana, na uchovu huo utauandika kama kasoro yake.

Anime za michezo ndizo zinazodhulumiwa zaidi na wahakiki wenye haraka. Lalamiko ni lile lile kila siku, kwamba mpira unakaa hewani mpaka mchezaji amalize kukumbuka utoto wake. Waliokulia Oman na nchi nyingine za Ghuba wakimtazama Captain Majid, ambaye ndiye Captain Tsubasa aliyevishwa Kiarabu, wanaujua vizuri uwanja ule wa kandanda usio na mwisho. Lakini kuunyoosha muda ndiko kunakompa mtunzi nafasi ya kufanya kazi yake. Msimu wa tatu wa Haikyuu!!, wa 2016, una sehemu 10, na karibu zote zinahusu mechi moja ya mpira wa wavu ya seti 5 kati ya Karasuno na Shiratorizawa. Mwishoni mwa seti ya pili Tsukishima, kijana mrefu ambaye kwa muda mrefu alijifanya hajali, anauzuia mpira wa nahodha wa wapinzani, anakunja ngumi na kupiga kelele. Ni pointi moja tu. Uzito wake unatokana na subira yote iliyotangulia, pamoja na mazungumzo ya msimu wa pili alipoambiwa kwamba siku moja ataonja wakati wa namna hiyo. Swali la mhakiki wa utanzu huu, kwa hiyo, ni kama pointi ililipiwa kabla ya kufungwa.

Ping Pong the Animation ya 2014, iliyoongozwa na Masaaki Yuasa, inamaliza hadithi yake yote kwa sehemu 11 tu. Wengi huizima mapema kwa sababu mistari yake inatetemeka, nyuso hazikuremeshwa, na skrini hugawanywa vipande vipande kama ukurasa wa manga, yaani vitabu vya Kijapani vya hadithi za picha. Ninachomshauri mhakiki ni kueleza kwanza anachokiona, ndipo ahukumu. Akiandika kwamba mchoro ni mbaya, hajamwambia msomaji lolote. Akiandika kwamba mkono wa mchezaji hurefuka na kupinda pale anapopiga, msomaji ataamua mwenyewe kama anapenda. Na asimsahau Kong, mchezaji kutoka China aliyeenguliwa kwao, anayeingia akiwa na kiburi na ambaye kufikia katikati unamwombea ashinde dhidi ya wale uliokuja kuwashangilia.

Elimu ya jinsi kazi hizi zinavyotengenezwa humwepusha mhakiki na lawama zisizo na msingi. Televisheni za Japani hupanga vipindi kwa robo za mwaka, na ndiyo maana tamthilia nyingi zina sehemu 12 au 13, ama mara mbili yake. Nyingi pia hutolewa kwenye manga ambayo bado inaendelea kuchapishwa, na hapo studio hukumbana na mtihani wa kuifikia hadithi kabla mwandishi hajaimaliza. Fullmetal Alchemist ya 2003, yenye sehemu 51, ilijitungia njia na mwisho wake. Ile ya 2009, yenye sehemu 64, iliifuata manga ya Hiromu Arakawa hadi tamati. Kuikosoa ya kwanza kwa sababu tu haifanani na ya pili ni kuihukumu kwa kesi ya mwingine. Naruto ilichagua njia ya tatu, ikajaza sehemu ndefu ya mwisho wa zile 220 kwa visa vya kupitisha muda, na visa hivyo kwa kweli vinastahili kukosolewa.

Vivyo hivyo picha zisizosogea. Tangu Osamu Tezuka aanzishe Astro Boy kwenye televisheni mwaka 1963, studio za Japani zimezoea kubana idadi ya michoro ili kuiwahi ratiba ya kila wiki. Katika sehemu ya 24 ya Neon Genesis Evangelion picha moja inaganda kwa takriban dakika nzima, huku Simfoni ya Tisa ya Beethoven ikilia, wakati kijana ana uamuzi mkononi ambao hataki kuufanya. Huenda fedha ziliokolewa hapo. Mimi ninachojua ni kwamba nilishindwa kuondoa macho kwenye skrini, na hilo ndilo la kuandikwa.

Kwenye vichekesho tujihadhari na lugha. Wengi wetu tunasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha ya Kijapani na kisha kuandika kwa Kiswahili, kwa hiyo kusifu au kukashifu maneno ya mzaha ni kumhukumu mfasiri. Pima kinachovuka bila tafsiri: wakati wa kunyamaza, sauti za waigizaji, miili. Katika Nichijou ya 2011 mwalimu mkuu anapigana mieleka na kulungu kwenye uwanja wa shule, na hakuna anayehitaji mkalimani.

Za mapenzi ugonjwa wake mkubwa ni kukatika kabla wahusika hawajaambiana lolote, ndiyo maana ninaithamini Tsuki ga Kirei ya 2017, iliyotungwa moja kwa moja kwa televisheni na kumalizika kwa sehemu 12. Za kutisha nina machache ya kusema; kwangu mimi mchoro hunikumbusha mno kwamba ni mchoro.

Iko kanuni inayopendwa, kwamba tazama sehemu tatu ndipo uamue. Kwa tamthilia ya sehemu 12 hiyo ni robo nzima na inatosha kwa maoni ya awali. Kwa Monster, yenye sehemu 74 kuhusu daktari wa upasuaji Mjapani huko Ujerumani anayejutia maisha aliyoyaokoa, sehemu tatu ni mlango tu. Mwandikie msomaji wazi umefikia wapi.

Tena mwandikie umri. Katika nyumba nyingi za kwetu chochote kilichochorwa huitwa katuni, na katuni huachiwa watoto sebuleni wakati wazazi wako jikoni au kazini. Mstari mmoja unaosema kwamba Monster na Evangelion zina mauaji na misukosuko ya akili ya watu wazima, ilhali Yuru Camp, ya wasichana wanaopiga kambi karibu na Mlima Fuji, inaweza kutazamwa na familia nzima, utamfaa mzazi kuliko aya tatu kuhusu uongozaji. Mimi huuweka juu kabisa, kabla ya jina la studio.