Barua kwa mwanangu: Kanisa letu lilianzia chini ya mkorosho

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema jumuiya yenu huko Nzuguni, Dodoma, imetakiwa ianze kuchangia kiwanja cha kigango, yaani tawi la parokia, nanyi ni kaya kumi na moja tu, tena parokia mama haiko mbali kwa bodaboda, ina kwaya nzuri na viti vinatosha. Umeniuliza: "Mama, ninyi hapo Mbezi mlianzaje, na kwa nini mlijitesa, hata mlipokwisha kujenga mkakubali kugawanywa?" Kubonyeza simu kunaniumiza macho, kwa hiyo nimekuandikia kwenye karatasi. Mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Mimi nilikuja Dar es Salaam nikiwa sijui kwamba kanisa hujengwa na waumini. Kwetu Ruvuma nilikua naiona Peramiho. Wabenediktini, watawa wamisionari wa Kikatoliki, walifika pale 1898, na mimi nazaliwa nakuta kila kitu kimesimama: kanisa la matofali, hospitali, karakana, mabradha wanaojua kuchomelea na kupasua mbao. Kazi yetu ilikuwa kuingia na kupiga magoti. (Bibi yako alikuwa akinikatiza hapo: "Na hayo matofali alibeba nani?" Walibeba baba zake. Ila mtoto haoni hayo.)

Hata Dar, makanisa ya zamani yana wamisionari. Wabenediktini hao hao walianzia Pugu 1888. Januari 1889, wakati wa vita ya Abushiri, misheni ikavamiwa, wakauawa mabradha wawili na sista mmoja. Baadaye ndipo likajengwa lile la Mtakatifu Yosefu kule mjini, kuanzia 1897 hadi 1902. Lakini huku kwetu, ndani kabisa ya Barabara ya Morogoro, hakuna mmisionari aliyekuja kutufungulia kitu. Tulikuja sisi, kila mtu na kiwanja chake: Wachaga, Wahaya, Wangoni, Wapogoro, Wairaki. Sensa ya 2002 ilikuta Dar watu kama milioni 2.5. Ya 2022 ikakuta milioni 5.4. Hao walioongezeka hawakwenda kuishi Posta. Walikuja huku kwenye mikorosho.

Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka vumbi tu. Jumapili tulitoka saa kumi na moja alfajiri, tunatembea hadi lami, tunagombania daladala, tunafika kanisani nguo zimekunjamana. Jumamosi asubuhi ndiyo tulisali nyumba kwa nyumba, kaya tisa. Hiyo jumuiya haikuwa ubunifu wetu. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakaamua Kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo, ndiyo maana huku kwetu jumuiya ilikuwepo miaka mingi kabla ya tofali la kwanza.

Siku sebule zilipozidiwa tukahamia chini ya mkorosho wa mzee mmoja, Mzaramo, Mwislamu wa swala tano. Hakututoza kitu. Alituambia tu tusiwaache watoto wachume korosho mbichi. Padre akawa anakuja mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine katekista anaongoza ibada. Mzee huyo ndiye aliyekuja kutuuzia kiwanja, kwa awamu, na daftari la malipo nililishika mimi kwa sababu nilikuwa mhazini wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Wapo waliotoa mfuko wa saruji. Mjane mmoja alileta ndoo za mchanga kila Jumamosi, anajitwisha mwenyewe, na hakuna siku aliyosimamishwa mbele ya watu kupigiwa makofi. Hilo hadi leo linanisumbua.

Tukajenga banda la makuti. Mvua za El Niño za 1997 zikalilaza chini. Tukapiga la mabati, na hapo fundi mmoja akapokea pesa ya bati thelathini akapotea nazo moja kwa moja. Tukaanza upya na mavuno, kila mtu analeta alichonacho kinanadiwa kanisani. Yule jogoo wa baba yako alinadiwa mara tano siku moja: mtu ananunua, analipa, anamrudisha mezani, mnadishaji anaanza tena. Jioni jogoo akarudi nyumbani kwetu akiwa amelipia nondo zote za upande wa altare. Baba yako alikataa achinjwe.

Sasa, swali lako la pili, mbona tulipokwisha kujenga tukakubali kugawanywa. Kwanza, hatukuulizwa sana. Kanuni ya 515 ya Sheria ya Kanisa inasema ni askofu wa jimbo pekee anayeunda parokia, kuifuta au kuibadilisha, baada ya kusikiliza baraza la mapadre. Kigango chetu kilipotangazwa kuwa parokia tulipiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Miaka michache baadaye kanisa likajaa hadi watu wanasali kwenye ngazi, na paroko akatangaza kwamba wa ng'ambo ya korongo wataanza kigango chao. Ng'ambo ya korongo ndiko kwetu. Mwanangu, nililia. Benchi la tatu kulia nilikuwa nimelilipia mimi na shangazi yako, na ninaambiwa nirudi chini ya turubai, na umri huu!

Baba yako aligoma kabisa. Miezi minane alivuka korongo kwenda kanisa la zamani, ati besi ya kwaya itakufa bila yeye. Kilichomrudisha si mahubiri. Bahasha yake ya zaka ilirudishwa, imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba namba yake imehamia kigango kipya. Alikaa nayo mkononi barazani, kisha akaniuliza hiyo turubai yenu mnaifunga saa ngapi. Wiki iliyofuata ndiye aliyekuwa anachimba mashimo ya nguzo.

Kwa hiyo nikujibu hivi. Huko parokia mama mnatosha viti, lakini hamjulikani. Nyinyi kumi na moja mnajuana nani ana mgonjwa na nani hajalipa ada ya mtoto. Watu wanahamia Dodoma kila siku tangu serikali ihamie, na atakayefika mwakani na mizigo yake kwenye fuso atatafuta kwanza mahali pa kusali pa kwenda kwa miguu. Mimi nilimtafuta hivyo hivyo mtu wa kunionyesha jumuiya, na nilimpata kisimani.

Ila msirudie makosa yetu. Sisi tulinunua nusu eka kwa kuogopa bei. Leo jirani anauza vipande kama dhahabu, watoto wa Komunyo ya Kwanza wanafundishwa kwenye ngazi, na magari yanajaza barabara ya mtaa hadi Waislamu wa watu wanashindwa kutoka. Chukueni eka mbili wakati bado ni vichaka, hata kama mtalipa miaka mitano. Na hati iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, si la mwenyekiti wa kigango, hata awe mtakatifu kiasi gani. Watakatifu nao wana warithi. Jambo jingine, msiigeuze jumuiya kuwa ofisi ya mtendaji, mtu akija na fomu ya ubatizo aanze kuhesabiwa michango. Sisi tulifanya hivyo kipindi fulani, tukapoteza familia tatu ambazo hazijarudi hadi leo.

Mwambie mwenyekiti wenu asikodi turubai. Letu la kijani, lile la ng'ambo ya korongo, limekunjwa stoo, lina tundu moja tu upande wa kushoto na nimelishona. Nitalipakia kwenye basi la Jumanne. Likifika lianikeni kwanza, lina harufu ya panya.

Mama yako