Friji tupu siyo kesi: kwa wenzangu mnaoanza kazi ya ustawi wa watoto Winnipeg, Kanada

Naona wabongo, wakenya na wakongo wetu mnazidi kuingia kwenye hii kazi, karibuni sana, ila kuna kitu mi nilikijua kwa kuumbuka na sitaki na nyie muumbuke.

Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa nyumba moja mtaa wa North End, mama Mkrii (Wakrii ni moja ya jamii za wenyeji wa asili wa Kanada) na watoto watatu, friji lina maziwa nusu chupa na kechapu, hita mbovu, watoto wote godoro moja sebuleni. Nikaandika ripoti ndefu, nikaikazia na neno "uzembe". Supavaiza wangu, naye mama wa Kikrii, akaisoma akaniita: wewe kwenu mlilala wangapi kitanda kimoja? Nikamwambia wanne, tulikuwa tunalala mzungu wa nne. Akauliza, kwa hiyo mama yako alikuwa mzembe? Jamani nilitamani ardhi ipasuke. Tukaandika upya, tukatafuta msaada wa chakula, tukamsumbua mwenye nyumba mpaka hita ikawaka, na faili likafungwa.

Hilo neno uzembe mlichunge sana maana ndilo linaloondoa watoto wa wenyeji wa asili majumbani kwao kwa wingi, kuliko kipigo, na ukilipasua ndani unakuta umaskini, nyumba mbovu na mzazi anayehangaika na pombe au dawa. Sensa ya 2021 ilionyesha watoto wa asili ni asilimia 7.7 ya watoto wa Kanada walio chini ya miaka 15, lakini kwenye malezi ya kambo ni asilimia 53.8. Hapa Manitoba ni kama tisa kwa kila kumi!

Na umaskini huo haukudondoka toka mbinguni. Maji ya bomba unayokunywa Winnipeg yanatoka ziwa la Shoal Lake tangu 1919, halafu watu wa Shoal Lake 40, jamii ya wenyeji wa asili wa kulekule yanakotoka, walikaa toka 1997 mpaka 2021 wakiambiwa wachemshe ya kwao kwanza. Ongeza shule za bweni walikopelekwa watoto wa asili kwa lazima ili wasahau lugha na mila zao, zilizomeza watoto zaidi ya 150,000, za mwisho zimefungwa miaka ya 1990 yani juzi tu, bibi unayemhoji huenda alipita humo. Shule zikiwa bado zipo, maafisa ustawi nao wakaanza kubeba watoto na kuwagawa kwa familia za kizungu, mpaka jaji Kimelman mwaka 1985 akaandika kwamba hayo ni mauaji ya utamaduni. Sasa ukigonga mlango na kitambulisho shingoni mama haoni mwafrika, mwenzake wa shida, anaona wale waliombeba mama yake. Akikufokea usikimbilie kuandika "hana ushirikiano", hata bibi zetu walikuwa wanajificha wakisikia mtoza kodi.

Sheria iko upande wenu. Tangu 1 Januari 2020 sheria ya serikali kuu inakataza kumchukua mtoto wa asili kwa sababu ya umaskini au nyumba duni peke yake, kichapeni hicho kipengele mkae nacho. Pia jifunzeni mapema kuombea watoto huduma kupitia Kanuni ya Jordan, inayosema mtoto ahudumiwe kwanza, mambo ya nani alipe baadaye. Jordan mwenyewe alikuwa mtoto wa Norway House, jamii ya Wakrii hukohuko Manitoba, alifia hospitali 2005 akiwa na miaka 5, hajawahi kulala nyumbani hata siku moja, serikali kuu na ya mkoa zinabishana bili ya kumhudumia nyumbani ni ya nani. Inaniuma mpaka leo.

Sisemi watoto hawaumizwi. Kuna usiku utamchukua mtoto na itakuwa sahihi kabisa, wala usisite.

Lakini hata usiku huo, kabla hujapiga simu kwa familia ya kambo usiyoijua, uliza kokum yuko wapi, ndo wanavyomwita bibi Wakrii. Uliza shangazi, uliza binamu mkubwa. Sisi tuliolelewa na bibi hilo swali lilitakiwa litutoke lenyewe, ila nimeshangaa ni wangapi tunalisahau tukishapewa leptopu na gari la ofisi. Namba ya kokum iandike ukurasa wa kwanza wa faili, siku ya kwanza, hata kama mama anasema hawaongei, maana siku ya kuihitaji huwa ni saa nane usiku na hakuna wa kumuuliza.